Nusu Saa ya Wenyewe

Siku ya tatu baada ya kurudi kutoka Saqiya, Bi Shaikha alitia kata mtungini ili anywe maji, akaitoa tupu. Mtungi ulioishiwa maji hubaki na ubaridi ndani na unyevu chini. Huu ulikuwa mkavu kama siku ulipotoka tanuruni, na alipoingiza mkono, vumbi lilimshika vidoleni.

"Nasriya," akamwita mke wa mwanawe. "Bakhit hakuleta maji leo?"

"Kaleta asubuhi, mama. Mitungi yote mitatu kaijaza. Na kulalama kalalama, ati punda wake anazeekea kwa Wazinjibari wanaokoga mara mbili kwa siku."

Wakaiangalia mitungi miwili iliyobaki. Nayo ilikuwa mikavu. Chini yake sakafu haikuwa na tone. Muadhini hakuwa ameadhini adhuhuri bado, jua lilikuwa katikati ya ua, na mji wa Maskat ulikuwa kimya, watu wameingia ndani kupika na kupumzika. Bi Shaikha alifikiri mitungi imepata nyufa. Nasriya alifikiri hivyo pia, lakini alikuwa amesikia kitu, na hakukisema: asubuhi ile, wakati anamnyonyesha mtoto, alisikia maji yakipita chini ya sakafu ya nyumba ambayo chini yake hapakuwa na kitu ila jabali.

Walikuwa wanne katika nyumba ile, karibu na Lango Kuu la mji, lililofungwa kila usiku. Marhoon, mwana wa Bi Shaikha, alikuwa karani katika kambi ya mafuta, na alirudi nyumbani Alkhamisi tu. Mkewe Nasriya alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea chumvi na kuulizia bei. Mtoto wao, Ghanim, alikuwa na miezi saba. Bi Shaikha mwenyewe alizaliwa Saqiya, huko ndani nyuma ya milima, akapelekwa Unguja ana umri wa miaka tisa, akaolewa huko, akazaa huko, na mwaka 1964 akarudishwa na meli akiwa mjane mwenye masanduku mawili. Sasa ulikuwa Januari, 1969. Kwa miaka mitano alikuwa akisema, "Nna mji wangu mimi, mji wenye maji," na wiki iliyopita hatimaye Marhoon alipata gari la kuazima na ruhusa ya kusafiri, mambo mawili yaliyokuwa magumu miaka ile, akawapeleka.

Walivuka nyika ya mawe ya Rusayl, ambako hakukuwa na kitu ila migunga na mbuzi, wakapanda bonde mpaka jioni, wakauona mji. Nasriya hakuwa ameamini hadithi za mkwewe. Sasa aliziona ni fupi. Mfereji ulitoka chini ya mlima, mpana kama mlango, ukapita chini ya msikiti, ukapita ndani ya nyumba za watu, ukagawanyika matawi kumi na saba, na kila kichochoro cha mji ule mkongwe kilikuwa na sauti yake ya maji: hapa yananong'ona, pale yanacheka, pale yamenyamaza yanatembea tu chini ya vigae vya mawe. Watu walisema ulichimbwa na majini ya Nabii Suleiman kwa siku moja. Nasriya, aliyekaa miaka mitano akinywa maji ya visima yenye chumvichumvi, alitia miguu ndani akalia, na hakujua analilia nini.

Alichokifanya siku ya pili, adhuhuri ikikaribia, alikifanya kwa moyo mwema. Alimbeba Ghanim ubavuni akafuata ukingo wa mfereji peke yake, mpaka mwisho wa mashamba. Pale palikuwa na shamba lililokufa. Ukuta umeanguka, mitende imebaki visiki, wala jani halikuota. Na mlango wa maji ulikuwa wazi. Jiwe la kuzibia lilikuwa kando, na maji safi, mengi, yalikuwa yakimwagika ndani ya udongo ule mtupu na kupotea.

Malindi walikuwa na bomba la mtaa. Mtoto aliyeliacha likitiririka alipigwa na mama yeyote aliyepita, hata asiyekuwa wake. Mkono wa Nasriya ulijua la kufanya kabla hajafikiri. Alilirudisha jiwe mahali pake. Matambara ya kulizungushia, yaliyokuwa kando yake, hayakutosha, maji yalipenya, basi akachukua nguo aliyomfungia Ghanim, akaisokomeza kwenye nafasi iliyobaki. Maji yakasimama, yakainuka, yakageuka kuelekea mashamba mabichi. Akafurahi. Akateka kwa kiganja akamnawisha mtoto uso, na mtoto akalamba matone mdomoni akacheka.

Hakumwambia mtu. Kufunga bomba ni jambo la kumwambia nani?

*

Siku ya nne mitungi ilikauka tena, saa ile ile. Siku ya tano Nasriya alikaa akaiangalia. Maji hayakuvuja. Yalishuka ndani ya mtungi polepole, kama yanavyoshuka kwenye gilasi ya mtu mwenye kiu, na kulikuwa na sauti: mkupuo mrefu, kisha kimya cha kuvuta pumzi, kisha mkupuo. Na harufu. Nyumba nzima ilinuka udongo mkavu uliopata mvua ya kwanza, harufu nzuri ambayo kila mtu huipenda, na ambayo Maskat haikuwa na sababu ya kuwapo, maana wingu halikuonekana tangu mwaka jana.

Siku hiyo Ghanim alilia kwa njaa. Nasriya akampa ziwa, na ziwa halikuwa na kitu. Mtoto alilia bila machozi. Midomo yake ikapasuka mbele ya macho yao kama ngozi ya mtu aliyetembea jangwani, na macho yakaingia ndani. Kisha muadhini akaadhini adhuhuri, na maziwa yakarudi kwa maumivu makali, na mtoto akanyonya mpaka akalala.

Wakampeleka kwa daktari Matrah, mji wa jirani. Walifika alasiri. Daktari alimpima, akamtekenya, akasema kwa upole kwamba huyu ni mtoto mwenye afya na kwamba mama apumzike. Hakukosea. Alasiri Ghanim alikuwa mzima.

Siku ya saba kikaja kivuli.

Nasriya alikuwa amemlaza mtoto barazani, kwenye kitanda chake kidogo, ukutani upande wa kusini, akamfunika uso kwa shashi. Alipogeuka aliona uani kivuli chembamba kilichonyooka, kama cha nguzo. Aliangalia juu aone kuna nini. Hapakuwa na kitu, mbingu tupu. Akakiangalia tena, akaijua ajabu yake: kila kivuli uani kilikuwa kimelala upande wa kaskazini kama inavyotakiwa wakati wa baridi, kivuli cha ukuta, cha ndoo, cha kuku, chake yeye mwenyewe, na hiki kimoja kilikuwa kimelala kuelekea jua, kikisogea bila haraka, kidole kwa kidole, juu ya mawe, juu ya ukingo wa baraza, kikifuatwa na ile harufu ya mvua na ile sauti ya maji chini ya sakafu ambayo sasa ilikuwa kubwa kama ya mto, na ncha yake ilielekea kwenye kitanda cha mwanawe, na yeye alisimama na miguu haimtii, akihesabu mawe yaliyobaki, matatu, mawili, mpaka adhana ikatoka msikitini na uani hapakuwa na kivuli cha nguzo wala sauti.

Palikuwa pamebaki jiwe moja.

"Mama," alisema Nasriya, kwa sauti ndogo. "Mama, njoo. Usiseme kwa nguvu. Njoo tu."

*

Bi Mahbuba aliletwa kutoka Matrah jioni ile, kabla malango hayajafungwa, akalala palepale. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyekuja na meli moja nao, na sifa yake ya uganga ilianzia Ng'ambo.

"Msiogope," alisema, akitandaza mkeka. "Majini ya Pemba n'nayajua kwa majina yao na ya mama zao. Kuna moja Wete likinichumbia mpaka leo. Nleteeni chetezo."

Adhuhuri ya pili yake alichoma udi na ubani, akamwaga marashi, akaweka sinia la halua na kahawa, akaanza kuita kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu. Harufu ya udongo ilikuja ikaumeza udi. Kahawa ikakauka ndani ya vikombe, ukabaki unga. Halua ikapasuka kama matope ya zamani. Bi Mahbuba aliendelea kuita mpaka ulimi ukamgandamana na kaakaa, akanyamaza akamshika Nasriya mkono, na wote watatu wakakiangalia kivuli kikipanda lile jiwe la mwisho na kugusa mguu wa kitanda. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililowaogopesha zaidi, kwamba hakulia.

Adhana ilipokwisha, Bi Mahbuba alikunywa maji kata tatu, akakusanya vitu vyake. Ucheshi ulikuwa umemwisha.

"Huyu si wa kwetu," alinong'ona. "Wa kwetu anataka kiti, apande kichwani mwa mtu aseme. Anataka halua, anataka ngoma, ukimsifu anacheka. Huyu nimemsifu, nimemtukana, hata hakunigeukia. Kakaa kama mtu aliyekuja kudai haki yake na anajua kuwa ni yake. Mlichukua nini huko mlikokwenda?"

"Hatukuchukua kitu," alisema Bi Shaikha. "Tende na ndimu tu. Watu walitupa."

"Basi mlizuia nini?"

Nasriya ndipo aliposema. Alieleza shamba lile, visiki, jiwe, nguo ya mtoto. Alipofika kwenye nguo, Bi Shaikha alijishika kifua.

"Lahaula! Mwanangu, ile ni nusu saa ya wenyewe."

"Wenyewe nani, mama?"

"Wenyewe waliochimba. Kila mtu Saqiya ana saa yake ya maji, karithi au kanunua. Nusu saa kabla ya adhuhuri, kila siku, haina mtu. Inafunguliwa, na watu wanaondoka. Tulipokuwa watoto tukikatazwa kupita pale." Akafunika uso kwa ushungi. "Nilikuwa na miaka tisa. Nimekuhadithia kila kitu cha mji ule, mpaka paka wa jirani, na hilo sikukuhadithia. Limenitoka. Usijilaumu wewe. Nilaumu mimi."

Hakuna aliyemlaumu mwenziwe. Bi Mahbuba aliwasaidia kufunga mizigo.

*

Marhoon, aliyezuiwa kambini Alkhamisi iliyotangulia, alipofika Alkhamisi alikuta mwanawe amekuwa mwepesi kama kapu tupu. Sasa ukavu haukungoja adhuhuri wala haukuondoka kwa adhana, ulikaa mpaka magharibi. Hakuomba ruhusa ya mtu. Ijumaa alfajiri, lango lilipofunguliwa tu, walitoka. Walifika Saqiya usiku, na saa nne asubuhi ya Jumamosi walikuwa wamesimama mbele ya Aflah, mgawa maji wa mji.

Aflah alikuwa mtu wa miaka hamsini, mkavu, mwenye macho mekundu ya mtu anayeangalia jua kwa kazi. Alikaa kwenye uwanja mweupe nje ya msikiti, mbele ya nguzo ya mti iliyosimamishwa wima. Ardhini palikuwa na mawe yaliyopangwa, na kwa kivuli cha nguzo kupita jiwe hadi jiwe alijua zamu ya nani imekwisha na ya nani imeanza. Nasriya alikitambua kivuli kile. Alirudi nyuma hatua mbili.

Bi Shaikha alieleza kwa Kiarabu, na kila jibu akamfasiria mkwewe. Aflah hakukasirika. Aliingia kwenye kibanda chake akatoka na nguo ya Ghanim. Ilikuwa imekakamaa kama ubao.

"Nimeitoa mlangoni siku ileile, lakini zamu ilikuwa imeshapita," alisema. "Nimeilowesha mara nne. Haishiki maji."

"Mwambie," alisema Nasriya, "mwambie kwetu ni dhambi kuacha maji yapotee. Niliona yanapotea."

Aflah alisikiliza tafsiri, akatikisa kichwa taratibu.

"Mtu yeyote mwenye huruma angeona hivyo. Hayapotei. Yananywewa."

"Basi niyarudishe. Nifanye nini niyarudishe?"

"Nusu saa ile imepita na siku yake. Huwezi kuirudisha. Wataridhika wakipewa nyingine, juu ya ile yao, na iwe yao daima. Lakini maji ya mji huu yote yana watu. Siwezi kumwambia mtu aue mitende yake."

Marhoon alianza kusema angezunguka nyumba kwa nyumba kuomba. Mama yake akamwekea mkono begani.

"Baba yangu aliacha nusu saa," alisema Bi Shaikha. "Kila siku ya nane. Watoto wa kaka yangu wananyweshea shamba lake, lakini kwenye daftari la msikiti bado ni jina langu."

"Mama, hilo ndilo—"

"Najua ndilo lipi, Marhoon."

Lilikuwa shamba ambalo miaka mitano alilitaja kila alipopika, mitende arubaini, na ndimu pembeni, mahali ambapo alikuwa amekwisha kuchagua pa kujenga chumba chake cha uzeeni. Unguja ilikuwa imekwisha. Hili ndilo lililokuwa limebaki. Alimwangalia Ghanim, aliyekuwa amelala mikononi mwa mama yake, macho wazi, hayapepesi. Kisha akamgeukia Aflah, akawaita watu wawili waliokuwa wakitawadha wawe mashahidi, na akasema kwa sauti ambayo haikutetemeka, "Nusu saa ya baba yangu nimewapa wenyewe, leo na daima."

Siku ile ilikuwa ya nane, siku ya zamu yake.

Kivuli kilipofika kwenye jiwe lake, walitembea wote hadi shamba lililokufa. Aflah alimwonyesha Nasriya mlango wa maji, akamwambia kwa ishara kwamba ni lazima mkono ule ule. Nasriya alimkumbatia mtoto kwa mkono wa kushoto, akapiga magoti, akalivuta jiwe kwa mkono wa kulia. Maji yaliingia kwa kishindo, yakatambaa kati ya visiki, yakafika katikati ya shamba na pale yakasimama, yamejikata kwa mstari ulionyooka kana kwamba yamefikia ukingo wa mdomo, wala hayakwenda mbele hata shubiri ingawa yaliendelea kuja, na wao waliosimama nje ya ukuta ulioanguka, hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenziwe, wakasikia kutoka chini ya ardhi ile tupu si koo moja bali nyingi, zikinywa pamoja, kwa utulivu, kama watu waliotoka kazini.

Ghanim akapepesa macho. Akakunja uso, akalia, na chozi likamtoka, moja, kisha mengi. Nasriya aliyalamba mashavuni kwa mtoto wake na hakuona haya.

Walipokuwa wakirudi, Aflah alitembea karibu na Bi Shaikha akamuuliza jambo. Bi Shaikha akamgeukia mkwewe.

"Anauliza, siku ile mtoto alikunywa maji yale?"

"Nilimnawisha tu. Alilamba matone."

Aflah aliposikia alimgusa mtoto kichwani, akarudi kwenye nguzo yake.

*

Mitungi ya nyumba ya Maskat haikukauka tena. Kabla mwaka haujaisha walipata habari kwamba mitende ya Bi Shaikha imeanza kufa kutoka juu, na yeye aliomba asiambiwe zaidi. Kisha ikaja 1970, na mambo mengi yakabadilika nchini. Lango la mji liliachwa wazi usiku, Marhoon akapandishwa cheo, na siku moja mwishoni mwa mwaka alirudi na pipa kubwa la chuma alilolisugua mwenyewe kambini. Akaliweka uani juu ya matofali, akalitia bomba chini.

"Malindi hii hapa," alimwambia mkewe, naye Nasriya akacheka, akafungua akafunga, akafungua akafunga, kama mtoto.

Siku ya nane tangu pipa liwekwe, alikuwa jikoni akisikia mkwewe akikoroma barazani. Akasikia maji yakitiririka uani. Mkono wake ulikuwa tayari umenyooshwa kabla hajafika mlangoni, mkono ule ule wa Malindi.

Bomba lilikuwa wazi. Maji yalianguka juu ya jabali na jabali halikulowa. Ghanim, mwenye miaka miwili na nusu, alikuwa amechuchumaa kando, mikono magotini, akiangalia chini kwa adabu, kama mtoto anayewahudumia wageni. Ua ulinuka mvua.

"Nani kafungua, baba?"

"Mimi."

Nasriya akalishika bomba.

"Usifunge, mama," alisema mtoto, bila kuinua kichwa. "Hawajamaliza."

Jua lilikuwa juu ya paa la kusini. Kivuli cha pipa kililala kuelekea kaskazini, na cha Nasriya kando yake. Cha Ghanim kilikuwa kimenyooka upande wa pili, kuelekea jua, kirefu kuliko mtoto.

Akauondoa mkono. Akaketi chini kwenye mawe, karibu na mwanawe lakini si karibu sana, akangoja nusu saa ipite.